Joto la kaskazi na watoto wa chekechea: kabla hujamwita mtoto mzito wa kuelewa, soma hapa

BintiKisauni

Assalam alaykum, hamjambo wanabaraza. Mnivumilie, leo nina marefu.

Nafundisha chekechea huku Kisauni, Mombasa, darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea. Juu mabati, chini simiti. Madirisha mawili ya wavu yako ukuta mmoja, kwa hivyo upepo ukiingia hauna pa kutokea. Watoto 41. Kaskazi, huu msimu wetu wa joto, mwaka huu imetukalia kifuani. Kuna siku jani la mwarobaini ulioko uani halitikisiki tangu asubuhi mpaka watoto warudi kwao.

Wiki jana nilikuwa nawahesabisha kwa vifuniko vya soda. Kuna mtoto mmoja, nitamwita Mwanaisha ingawa si jina lake. Saa mbili na nusu alihesabu vifuniko 10 bila kukosea, akavigawa mafungu mawili, akaniambia, "Mwalimu, haya yako sawasawa." Sikuwa nimemfunza kugawa. Kalitoa mwenyewe. Nikafurahi moyoni.

Saa tano na robo nikamrudishia vifuniko vilevile. Akafika cha nne. Akarudi kimoja. Akanitazama kama mtu aliyesahau alichoitiwa. Nywele zimelowa chapachapa, shingo imejaa harara, na mkono wa kushoto ameubandika sakafuni kutafuta baridi. Nilipomwambia tuanze tena akalia.

Msaidizi wangu akasema, "Huyu mzito huyu." Neno hilo mimi mwenyewe nimelitamka mara nyingi miaka iliyopita, juu ya watoto wa watu. Usiku ule sikulala vizuri.

Darasani nimetundika kipimajoto nilichonunua kwa pesa zangu. Asubuhi ile saa mbili kilisoma 29. Saa tano kilisoma 37, na nje kivulini ilikuwa 32. Yaani paa letu lilituongezea nyuzi tano juu ya joto la Mungu.

Nikaanza kutafuta, nikapata utafiti uliotoka mwishoni mwa 2025, wa Jorge Cuartas wa New York University na wenzake. Walichukua habari za watoto 19,607 wa miaka mitatu na minne katika nchi sita: Gambia, Georgia, Madagascar, Malawi, Palestina na Sierra Leone. Habari zenyewe zinatokana na ile hesabu ya nyumba kwa nyumba inayosimamiwa na UNICEF, ambapo mama huulizwa: mtoto wako anatambua herufi kumi? Anasoma maneno manne mepesi? Anazijua nambari moja mpaka kumi? Kisha wakayaweka majibu kando ya rekodi za hali ya hewa za mahali anapoishi mtoto. Waliokulia kwenye joto la mchana ambalo wastani wake unapita nyuzi 30 walikuwa na nafasi ndogo zaidi, kwa asilimia 5 hadi 6.7, ya kufikia hatua hizo za herufi na hesabu, ukiwalinganisha na wenzao wa chini ya nyuzi 26. Pengo lilizidi kwa watoto wa nyumba maskini, wa mijini, na wa nyumba zisizopata maji safi.

Maskini, mjini, bila maji. Nikajiona nasoma orodha ya darasa langu.

Na sisi Mombasa nyuzi 30 si tukio. Januari mpaka Machi mchana ni 32, 33. Hiyo ndiyo miezi ya muhula wa kwanza, mtoto anaposhika chaki mara ya kwanza maishani mwake. Tunamkaribisha shuleni ndani ya tanuri, kisha tunamwandikia ripoti.

Naomba walimu, wazazi, wauguzi, mafundi, mnieleze mliyoyaona. Nataka kujua la kufanya kabla ya masika.

---

MzeeWaTudor

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa kuwajali watoto. Lakini niruhusu nikupinge kidogo. Mimi nimeanza darasa la kwanza 1974, tuko zaidi ya arobaini, feni hatuijui, na katika sisi wametoka walimu, mahakimu na manahodha. Joto la Mombasa ni la tangu na tangu. Nachelea tusije tukampa mtoto sababu ya kutojitahidi na mzazi sababu ya kutomfuatilia. Tena mtoto wa miaka minne saa tano kesha choka na njaa inamuuma. Umejuaje kama ni joto?

---

BintiKisauni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, nami nilijiuliza vivyo hivyo. Uji wanakunywa saa nne kasorobo, kwa hivyo saa tano na robo njaa haijawa kali. Ila uchovu sikuweza kuutenga. Basi Alhamisi nikawatoa nje saa ileile, chini ya mwarobaini, na vifuniko vyangu. Mwanaisha alifika 10. Polepole, lakini alifika. Mtoto mmoja si ushahidi, najua. Nakueleza tu nilichokiona kwa macho yangu.

---

FundiMatumbawe

Mzee, shikamoo. Nami nina swali. Hiyo shule yako ya 1974 ilikuwa na paa gani?

---

MzeeWaTudor

Marahaba. Vigae. Ukuta wa mawe, dirisha pande mbili zikitazamana, na nje miembe mitatu mikubwa. Miembe hiyo haipo tena, wamejenga vibanda vya kukodisha.

Nimekuelewa unakonipeleka, mwanangu. Endelea.

---

FundiMatumbawe

Ahsante mzee. Nami si msomi, ni fundi. Nimekarabati nyumba za Mji wa Kale zaidi ya miaka ishirini, kwa hivyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Wazee waliojenga kule walijua wanapigana na nini. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene, unaanza kupata moto alasiri wakati jua linakaribia kuondoka. Chumba chembamba, kwa sababu boriti za mkoko hazifiki mbali, lakini dari liko juu sana, na joto hupanda likakuacha wewe chini. Vichochoro vimebanana kwa sababu maalumu: nyumba moja inaitilia mwenzake kivuli. Ukipita pale saa saba mchana kisha ukatokea barabara kuu, utahisi kama umefungua mlango wa jiko la mkate.

Ukija kwenye makuti, nayo yana akili yake. Yanapumua, na jua likiyapiga juu, chini yake hupati mnururisho, yaani lile joto linalomwagwa na paa lenyewe.

Mabati ndiyo mabaya kuliko yote, na ndiyo tuliyowapa watoto. Bati likipigwa na jua la utosi halihitaji hewa ya moto ili likuunguze. Lenyewe linamwaga joto chini kama pasi iliyogeuzwa. Ndiyo maana mtu mrefu anaingia darasani kichwa kinamuuma, na ndiyo maana kipimajoto cha Bi Mwalimu kinasoma 37 wakati nje ni 32. Watu husema "joto la Mombasa". Nusu yake ni joto la bati.

---

Nesi_Likoni

Hamjambo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, nitaeleza upande wa mwili.

Watu wengi hudhani mtoto anavumilia joto kwa sababu anacheza juani huku mtu mzima kajificha. Ni kinyume. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukiulinganisha na uzito wake, kwa hivyo penye joto kali unapata moto upesi. Mtoto hutoka jasho kidogo kuliko mtu mzima, na akikimbia mwili wake huzalisha joto zaidi kwa kila kilo. Halafu hajui kujisemea. Mtu mzima akiona mambo mazito huhama kivulini, hunywa maji, huvua shati. Mtoto wa miaka mitatu hungoja kuruhusiwa.

Kwetu Pwani kuna jambo jingine: unyevu. Jasho halikupoozi kwa kutoka, linakupooza kwa kukauka. Hewa ikishashiba maji ya bahari, jasho linakutiririka jekejeke na mwili uko palepale. Ukitaka kuona mwenyewe, chukua kipimajoto cha kioo, kifunge pamba iliyolowa maji kwenye ncha, kipunge kwa dakika chache. Mahali pakavu kitashuka sana. Mombasa mwezi wa tatu kitashuka kidogo tu. Huko kinakosimama ndiko mwisho wa uwezo wa jasho lako kukupoza.

Sasa uliza, mwili unafanya nini? Unapeleka damu nyingi ngozini, moyo unakwenda mbio, mtoto anapoteza maji. Upungufu mdogo tu wa maji unatosha kumpunguzia umakini. Ukimwona amelegea tepetepe, anatazama bila kuona, usimpigie kofi la "amka". Mtoe, mvue, mpanguse kwa kitambaa cha maji, mnyweshe kidogokidogo.

Na tafadhali sana, walio na wachanga: mtoto wa chini ya miezi sita msimpe maji, hata joto liwe vipi. Mnyonyesheni mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji. Msimfunike mgongoni kwa shali nzito. Mtoto akiwa na mwili wa moto na amechanganyikiwa, au hajakojoa saa nyingi, au ana degedege, anzeni kumpoza huku mkikimbilia hospitali. Msingoje jioni.

---

MamaPacha

Nimesoma nikalia kidogo. Mimi nakaa mtaa wa Bangladesh, hii ya Mikindani, hapa Mombasa, chumba kimoja, bati. Nina pacha wa miaka minne na dada yao wa darasa la tatu.

Nyinyi mnazungumza ya mchana. Niulizeni ya usiku. Bati linameza jua kutwa, na simiti nayo. Saa nne za usiku ukiweka mkono ukutani bado una joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Nafungua mlango, mbu wanaingia, na wezi nawaogopa. Nikishusha chandarua, watoto wanafukuta. Feni ninayo, lakini tokeni za stima zikiisha tarehe 20 hivi inabaki pambo. Pacha wanahangaika mpaka saa saba, saa nane. Wanalala ule usingizi wa mang'amung'amu, mara huyu anaomba maji, mara huyu anajikuna harara. Saa kumi na mbili nawaamsha kwa nguvu kwenda shule.

Mwalimu wao ameniita mara mbili kunieleza hawasikilizi. Nilimjibu nitawakanya. Na niliwakanya, tena kwa fimbo. Sikuwaza usingizi.

---

BintiKisauni

Pole sana mama. Usijilaumu peke yako, mimi niko upande wa pili wa jambo hilohilo.

Umenikumbusha utafiti mwingine. Boston, Marekani, mwaka 2016 wakati wa wimbi la joto, watu wa Harvard waliwafuatilia wanafunzi 44 wa chuo, vijana wazima wasio na maradhi. 24 walikuwa wakilala kwenye jengo lenye viyoyozi na 20 kwenye jengo lisilo navyo. Kila asubuhi wakishaamka walipewa majaribio mafupi kwenye simu. Wale wa jengo la joto walikuwa wazito wa kujibu, kama asilimia 13, na kwenye hesabu za kujumlisha na kutoa nao walikuwa nyuma kwa kiasi hichohicho. Kijana wa miaka ishirini aliyeshiba, aliyelala kitandani kwake! Sasa pacha wa miaka minne?

---

Takwimu_Changamwe

Nafanya kazi ya takwimu, naomba niweke breki mahali pamoja kisha nikanyage mafuta pengine.

Breki: utafiti wa nchi sita hausemi joto linamfanya mtoto kuwa mjinga, na asilimia zile si kipimo cha akili ya mtoto mmoja. Ni nafasi ya kundi kufikia hatua fulani kwa umri fulani. Mtoto aliyechelewa herufi akiwa na miaka mitatu anaweza kuzipata. Na ni uchunguzi wa walichokuta, hakuna mtu aliyewatia watoto jotoni kwa makusudi. Watafiti walijaribu kutenga umaskini, elimu ya mama, msimu na mahali, lakini mambo ya namna hii hayatengeki yote.

Mafuta: matokeo hayo hayasimami peke yake. Kuna kazi kubwa ya Marekani iliyotoka 2020, ya Joshua Goodman, Jisung Park na wenzao, iliyotazama wanafunzi milioni 10 wa sekondari waliofanya mtihani uleule zaidi ya mara moja. Mwaka wa shule ukizidi joto kwa kama nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi, kiasi walichojifunza mwaka huo kilipungua kwa asilimia 1 hivi, pale madarasa yasipokuwa na viyoyozi. Palipokuwa na viyoyozi, hasara hiyo karibu yote ilitoweka. Na sehemu iliyonishika ni hii: siku za joto za Jumamosi na Jumapili na za likizo hazikuwa na uzito huo. Zilizoumiza ni siku za joto za shule. Kwa hiyo darasa lenyewe lina kesi ya kujibu.

Park huyohuyo aliangalia mitihani ya sekondari New York. Mwanafunzi aliyefanya mtihani siku ya nyuzi 32, nafasi yake ya kupasi somo ilishuka kwa takriban asilimia 10 ukimlinganisha na siku ya nyuzi 22. Nyuzi 32! Hapa kwetu mtu anaiita siku nzuri ya kuanika nguo.

Wanaodhani haya ni mambo ya kuwaza tu, tazameni jirani. Februari 2025 Sudan Kusini walifunga shule wiki mbili kwa sababu wanafunzi Juba walikuwa wakizirai. Na UNICEF ilihesabu kwamba mwaka 2024 masomo ya wanafunzi milioni 242 katika nchi 85 yalikatizwa na hali mbaya ya hewa, mawimbi ya joto yakiwa mbele. Mombasa hatufungi shule, kwa sababu joto letu halifiki 45. Letu ni la kudumu, linauma bila kelele, na kwa hivyo halimo kwenye habari.

---

UstadhMajengo

Assalam alaykum wa rahmatullah. Nimeipenda baraza hii.

Mimi nasomesha chuo, Qur'ani, huu mwaka wa kumi na tisa. Kwetu kuna mazoea ya zamani ambayo hakuna aliyetuletea karatasi kuyathibitisha: hifadhi ni baada ya alfajiri. Mtoto akipewa aya tano baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri, huzishika. Mpe aya hizohizo saa nane mchana, atazirudia mpaka sauti imkauke na kesho hana. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia baada ya adhuhuri msihifadhi kipya, rudieni cha zamani. Tulidhani ni baraka ya alfajiri, na baraka ipo. Lakini nikisoma maneno ya Bi Nesi naona na mwili nao una fungu lake.

Taabu ya siku hizi ni ratiba. Mtoto anatoka shule saa saba, anakula wima, saa nane yuko chuoni mpaka saa kumi. Saa mbovu kuliko zote ndizo tumempa Mwenyezi Mungu. Mimi wadogo wa chini ya miaka sita nimewahamishia saa kumi na nusu, jua linapopungua ukali. Wazazi walinung'unika wiki mbili, sasa wamezoea.

Na hii Ramadhani ya miaka hii inayoangukia msimu huu wa kaskazi, nawaomba wazazi. Mtoto mdogo hajafaradhishiwa. Akitaka kujizoeza, afunge mpaka saa nne, apewe maji, apongezwe. Kumshindanisha na mtoto wa jirani kwenye jua hili si ibada.

---

MamaNuru

Ustadh, jazakallahu kheir.

Nami nina langu. Mwanangu yuko shule ya kulipia, jina nitaliacha. Sare: shati la mikono mirefu, tai, sweta, soksi za kufika magotini, viatu vyeusi vya kufunga. Mombasa! Mtoto wa miaka mitano! Nilipouliza kwa nini sweta, nikaambiwa ni nidhamu na sura ya shule. Mwezi wa pili alirudi amelowa mpaka soksi unaweza kuzikamua. Nikamvua, kifua chote harara, amejikuna mpaka damu. Nikampigia picha nikaipeleka ofisini. Nikaambiwa nitajibiwa. Mpaka leo.

Sare hiyo imetoka nchi ya baridi ikapita Nairobi ikatufikia sisi. Kanzu, kikoi, dera, vyote vyetu ni vitambaa vyepesi vya kupitisha hewa. Babu zetu hawakuvaa hivyo kwa kukosa nidhamu.

Wazazi wa shule hiyo mnaosoma hapa, mnajijua. Tuandikeni barua moja, tusaini wote. Mtu mmoja mmoja hasikiki.

---

Nesi_Likoni

MamaNuru, niko nawe. Pia chunguzeni choo. Mtasema kinaingiaje hapa. Watoto wengi ninaowauliza kwa nini hawanywi maji shuleni huniambia wanaogopa kwenda chooni: mlango haufungi, kunanuka, kuna giza. Kwa hivyo hawanywi kabisa kutwa nzima, hasa wasichana. Shule inaweza kuwa na tangi limejaa, na watoto wakawa wakavu kama ng'onda.

---

BintiKisauni

Subhanallah. Sisi tuna vyoo viwili kwa shule nzima. Kesho nitasimama pale nihesabu wanaoingia.

Maji nayo tunanunua kwa mkokoteni bomba likikauka, na likikauka ni siku kadhaa. Mtungi wa lita 20 ukigawia watoto 41 ni chini ya nusu lita kila mmoja, na humo utoe ya kunawa.

FundiMatumbawe, nirudi kwako. Tuna akiba ya kamati ya wazazi, si nyingi. Ukiwa na mimi pale, ungeanza na nini?

---

FundiMatumbawe

Bi Mwalimu, ningeanza na ambavyo havigharimu sana.

Toboa ukuta wa pili. Madirisha mawili upande mmoja ni kama chupa: haijai upepo. Kata nafasi upande wa pili, iangalie ya kwanza, halafu ukate na mwanya mrefu juu kabisa, chini ya bati, pande zote mbili, upana wa shubiri moja. Joto limejikusanya pale juu, lina hamu ya kutoka, halijaonyeshwa mlango. Tia wavu kuzuia popo.

Pili, bati lipakwe jeupe. Sugua kutu kwanza kwa brashi ya waya, oshea, acha likauke, ndipo upake rangi nyeupe ya kupaka mabati, mara mbili. Weupe hurudisha jua lilikotoka. Kuna watakaokushauri chokaa kwa kuwa ni rahisi. Itakusaidia kaskazi moja, masika ikija inaoshwa. Na usimruhusu mtu akutilie chumvi kwenye chokaa hiyo ati ishike. Ukutani sawa, kwenye bati italila, na chumvi ya bahari peke yake inatosha kuyala mabati yetu.

Tatu, dari. Majamvi ya mwaa yaliyofungwa kwenye fito, yakiachiwa nafasi na bati ili hewa ipite kati, yatakata ule mnururisho wa pasi niliousema. Lakini pasipite waya wa stima karibu yake, wala jiko lisiwe ndani, maana majamvi hushika moto.

Miti panda leo hata kama hutaifaidi. Mwarobaini hauli maji mengi na unakua haraka. Upande wa magharibi kwanza, jua la alasiri ndilo linalopika ukuta.

Kazi ya kutoboa nitakufanyia Jumamosi. Sihitaji malipo, nitafutie vijana wawili na ngazi.

---

MzeeWaTudor

Vijana wawili ninao, wajukuu zangu, wamekaa tu. Ngazi ipo. Na ndoo mbili za rangi nyeupe zilibaki nilipopaka nyumba, kama zitafaa bati fundi aseme.

Bi Mwalimu, nilikujibu kwa haraka siku ile. Nilikuwa nawafikiria waliofaulu katika sisi. Jana usiku nikawakumbuka waliokaa nyuma, karibu na ukuta wa jua, kina nani walioacha shule darasa la pili na la tatu. Tuliwaita majina. Wengine nimewazika.

---

FundiMatumbawe

Mzee, rangi ya ukuta haitashika bati. Lakini pakeni nayo ukuta wa nje. Nao unachomwa.

---

BintiKisauni (wiki tatu baadaye)

Nimerudi na habari.

Dirisha la ukuta wa pili limetobolewa na mianya ya juu imekatwa. Bati tumelipaka upande mmoja tu, ule wa magharibi, pesa zikaishia hapo. Dari bado. Kipimajoto jana saa tano kilisoma 34, nje 32. Si baridi, lakini si 37.

Ratiba nimeigeuza bila kumwomba mtu ruhusa: herufi na hesabu saa mbili mpaka saa tatu na nusu, kisha uji, kisha nje chini ya mti kwa hadithi na nyimbo. Saa tano tunalaza vichwa juu ya majamvi, na kitambaa cha maji shingoni. Maji yanapitishwa kila baada ya nusu saa, kikombe kwa kikombe, nami nawatazama wanywe. Choo kimoja kimetiwa komeo na dirisha la mwanga. Nilihesabu siku mbili kabla na siku mbili baada ya komeo. Wasichana wanaoingia wameongezeka zaidi ya mara mbili.

Ripoti za katikati ya muhula nilikuwa nimeshaziandika. Nimezichana saba. Watoto wale saba nimewapima upya, mmoja mmoja, asubuhi saa mbili, kwenye ngazi ya mlango ambako hewa inapita. Watano walinionyesha mambo ambayo sikujua wanayajua. Wawili bado wana shida ya kweli, na sasa angalau najua ni nani wa kumtafutia msaada.

MamaPacha, walimu wao wa pacha ni watu wazuri. Nenda ukawaambie habari ya usiku, waeleze vilevile ulivyotueleza sisi. Ukitaka mtu wa kufuatana naye, mimi Ijumaa nina nafasi baada ya saa nane.

---

MamaPacha

Ijumaa nitakuja, Mwalimu. Nitakungoja stendi ya Mikindani, nitavaa leso ya bluu.